Ifakara: Lami yapandisha bei za viwanja, maji na hati vyaamua thamani

MJI wa Ifakara, makao makuu ya Wilaya ya Kilombero mkoani Morogoro, kwa miaka mingi ulijulikana kwa mchele, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na kituo cha reli ya Tazara. Ununuzi wa nyumba haukuwa miongoni mwa mambo yaliyomfikisha mgeni huko.

Hali hiyo inabadilika. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 katika Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, liliwaondolea wasafiri wa Mahenge na Malinyi adha ya pantoni, ambayo mojawapo ilizama Januari 2016. Agosti 2024 ilizinduliwa barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilomita 66.9. Na pale lami inapofika, madalali huwa wamekwisha kutangulia.

Idadi ya watu nayo inasukuma bei. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 407,880 katika Wilaya ya Kilombero. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 582,960, na kati yao 290,424 walikuwa katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Watumishi wa hospitali, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wanafunzi na wafanyabiashara wa mpunga wote wanahitaji pa kulala, na kwa sababu hiyo nyumba yenye vyumba vya kupangisha karibu na katikati ya mji haikosi mteja.

Hata hivyo, mnunuzi anayetoka Dar es Salaam au Morogoro akidhani kwamba ukaribu wa lami ndio kipimo pekee cha thamani, anaweza kutoa fedha nyingi kwa ardhi ambayo hataweza kuijenga wala kuiuza tena.

Jambo la kwanza ni maji. Ifakara imo katika bonde tambarare, na Mto Lumemo unaopita kando ya mji umekwisha kuingia majumbani mara kadhaa, ikiwamo wakati wa masika ya mwaka 2024. Kiwanja kinachoonekana kikavu na cha kupendeza mwezi Septemba kinaweza kuwa dimbwi mwezi Aprili. Mnunuzi makini hukitazama kiwanja wakati wa masika, au hukagua alama za maji kwenye kuta za nyumba za jirani na kuwauliza wazee wa mtaa maji yalifika wapi. Muuzaji hatakuwa na haraka ya kusema hilo.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya bonde iliorodheshwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na maeneo mengine ya bonde ni hifadhi ya wanyamapori. Stakabadhi ya mauziano haigeuzi ardhi ya hifadhi kuwa kiwanja, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa ndipo wengi hupotea. Ndani ya halmashauri hiyo hiyo ya mji kuna kata zenye mitaa, kama Viwanja Sitini, ambayo jina lake tu linatangaza viwanja, na kuna maeneo ambayo bado ni vijiji. Ardhi ya mjini husimamiwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, na mmiliki hupewa hati ya muda maalumu, usiozidi miaka 99. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Sheria Namba 5 ya mwaka huo huo, na hati yake ni hatimiliki ya kimila.

Wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilichaguliwa kuwa za mfano katika mpango wa kuwezesha umilikishaji wa ardhi ulioanza mwaka 2016, hivyo hati za kimila si ngeni kwa wakazi. Lakini mwenye hati hiyo hawezi kumwuzia mtu wa nje ya kijiji kwa mapatano ya wawili tu. Idhini ya halmashauri ya kijiji inahitajika. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili. Saini ya mwenyekiti peke yake, nyumbani kwake jioni, si uamuzi wa halmashauri. Wala hakuna kifungu katika sheria hizo mbili kinachompa kiongozi wa mtaa au kijiji asilimia 10 ya bei, ingawa desturi ya kuidai imeenea nchini.

Mkataba wa mauziano sharti uwe wa maandishi. Nyumba ikiwa ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Na ikiwa ni ya marehemu, anayeweza kuiuza kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa wa ukoo hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake tu. Kesi za mapagale yaliyokomea kwenye lenta kwa kuwa mjane au mtoto aliyesahauliwa amejitokeza si chache nchini.

Kwa upande wa muuzaji, kosa la kawaida ni kupanga bei bila kukumbuka kodi. Mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyopata. Asiye na kumbukumbu za gharama, kama wengi waliorithi, tangu Julai 2023 hutozwa asilimia tatu ya bei au ya thamani iliyothaminiwa, kwa kufuata iliyo kubwa. Makazi binafsi yaliyokaliwa na mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi Sh milioni 15. Bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato, uhamisho wa hati haukamiliki.

Msimu nao una nafasi yake katika mazungumzo ya bei. Mpunga ukivunwa, kati ya Mei na Julai, fedha huonekana mjini na wauzaji hukaza kamba; kuanzia Januari, shule zinapofunguliwa na mashamba yakidai palizi, mwenye kiwanja cha ziada husikiliza zaidi. Mnunuzi anayejadiliana bei Februari, akasubiri masika kuona maji, kisha akalipa baada ya upekuzi katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa mjini Morogoro, au katika masjala ya ardhi ya kijiji ikiwa hati ni ya kimila, atakuwa amechelewa kwa miezi mitatu tu.