Kinachogandamizika: Hewa au Mtiririko?

Wahandisi wa Kiingereza wana istilahi yao, compressible flow, na anayeihamishia kwenye Kiswahili haraka huandika "mtiririko wa giligili inayogandamizika". Kisarufi haina kasoro. Kifizikia ina walakini, na walakini huo humponza mwanafunzi siku anapokaa mbele ya kompyuta kuiga hewa inayokwenda kasi kuliko sauti.

Hewa hugandamizika daima. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, sukuma mpini, utaona. Lakini hewa hiyohiyo ikipita juu ya paa la basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, densiti yake haibadiliki kiasi cha kumshughulisha mtu. Mhandisi huihesabu kama isiyogandamizika na hesabu yake hukubali. Kinachoamua ni uwiano wa kasi ya mtiririko na kasi ya sauti, ambao mhandisi Jakob Ackeret aliupa jina la mwanafizikia Ernst Mach mwaka 1929. Ukiwa chini ya 0.3, yaani mita 100 hivi kwa sekunde katika hewa ya kawaida, densiti hubadilika kwa chini ya asilimia 5. Ukipanda zaidi, kuipuuza ni kujidanganya. Hata maji, ambayo sote tulifundishwa kuwa hayagandamiziki, hugandamizika pale vali inapofungwa ghafla, na wimbi la kanieneo linalozaliwa humo laweza kupasua bomba. Sifa tunayoitafuta, basi, ni ya mtiririko. Ndiyo maana naandika "mtiririko wenye mgandamizo", na kinyume chake "mtiririko usio na mgandamizo".

Tofauti hii huonekana waziwazi ndani ya OpenFOAM, programu huria iliyochipuka Imperial College, London, na kutolewa kwa leseni ya GPL mwaka 2004. Humo mna vikokotozi vingi, na mtumiaji huchagua mwenyewe. Katika kikokotozi cha icoFoam densiti haimo kabisa: kanieneo huingizwa ikiwa tayari imegawanywa kwa densiti. Katika rhoCentralFoam, ambayo jina lake limebeba herufi ya Kigiriki ya densiti, milinganyo ya tungamo, momenta na nishati hutatuliwa, na densiti huwa na thamani yake katika kila kisanduku cha gridi.

Mfano unaokuja na programu huitwa forwardStep, tatizo la zamani lililopata umaarufu kupitia makala ya Woodward na Colella ya mwaka 1984. Handaki lina urefu wa 3 na kimo cha 1; umbali wa 0.6 kutoka mlangoni sakafu inapanda kidato cha 0.2. Vipimo vimepangwa ili kasi ya sauti iwe 1, na hewa inaingia kwa kasi ya 3. Habari za kidato haziwezi kusafiri kinyume cha mkondo huo, kwa hiyo hewa haikijui hata kidogo hadi inapokumbana na wimbi la mshtuko lililojikunja mbele yake. Pale wimbi linaposimama wima dhidi ya mkondo, densiti huruka mara 3.86 na kanieneo mara 10.33, katika unene usiofika hata maikromita moja. Hakuna gridi ya kawaida inayofikia wembamba huo. Programu hulitandaza wimbi juu ya visanduku kadhaa, na ufundi wote uko katika kulitandaza bila kuzua mawimbi ya uongo kando yake.

Sasa ipe icoFoam handaki hilohilo. Haitalalamika kwamba kasi ni kubwa kuliko sauti, kwa kuwa haijui sauti ni nini. Wimbi la mshtuko halitatokea, na picha bado yaweza kupendeza.

Kusema kweli, hata wenye programu hawajanusurika na kosa la jina. Katika toleo la 11, la mwaka 2023, moduli mbili za kukokotolea ziliitwa shockFluid na incompressibleFluid, kana kwamba mgandamizo ni tabia ya giligili. Sisi tusiwaige. Na wewe unayefungua programu hii leo, gawanya kwanza kasi yako kubwa kabisa kwa kasi ya sauti. Ukipata zaidi ya 0.3, achana na icoFoam.