Kutoka Kanda Hadi Diski: Nafasi ya Kuhifadhi Televisheni Majumbani Mwetu



Katika nyumba nyingi za Sherikat kuna swali linalorudi mara kwa mara: diski imejaa, tufute nini? Watoto hawataki katuni zao ziguswe, baba anataka mpira wake, mama hakubali ifutwe tarawehe ya Makka aliyoirekodi Ramadhani iliyopita, na katika diski hiyo hiyo kuna harusi ya binti wa shangazi. Mwishowe anayeshika rimoti ndiye anayeamua.

Huenda wengi wakaliona jambo hili kuwa dogo. Kwa hakika lina historia ndefu, na historia hiyo inatufundisha kwamba uhaba wa nafasi umewahi kufuta mambo makubwa ambayo hakuna aliyekusudia yapotee. Ndiyo maana tumeona tuliandikie.

Zama za kanda

Televisheni ilipoanza haikuwa na kumbukumbu. Kipindi kilirushwa, kikaonekana, kikaisha. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mashine ya kwanza ya kurekodi picha za televisheni iliyofaa kwa biashara. Kanda yake ilikuwa na upana wa inchi 2, na bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola, hivyo ni vituo vya televisheni tu vilivyoweza kuinunua. Mwaka huo huo IBM ilitoa kompyuta yenye diski ya kwanza ya sumaku: sahani 50 kubwa zilizopangwa pamoja, zikibeba herufi milioni 5 tu. Kwa kipimo cha picha za HD za leo, mtambo ule mzima usingetosha hata kwa sekunde 5.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Jambo la kuzingatia ni kwamba huko Bara deki za video zilitangulia kituo cha televisheni. Watu walitazama kanda zilizoletwa kutoka nje kabla hawajapata kituo chao wenyewe. Kwao kilichohifadhiwa kwenye kanda ndicho kilichokuwa televisheni yenyewe.

Kanda za nyumbani zilikuja na Betamax ya Sony mwaka 1975 na VHS ya JVC mwaka 1976. Kanda ya kawaida ya VHS katika nchi zetu ilibeba saa 3. Deki nyingine ziliweza kupunguza mwendo ili kanda ile ile ibebe saa 6, lakini picha ikafifia. Hapa ndipo familia zilipoanza kujifunza kanuni ambayo haijabadilika hadi leo: ukitaka muda mrefu, utoe ubora, ukitaka ubora, uongeze nafasi.

Wazee wetu wanakumbuka pia kile kipande kidogo cha plastiki nyuma ya kanda. Ukikivunja, deki haikubali kurekodi juu yake. Kanda ya harusi ilivunjwa kipande hicho siku hiyo hiyo. Lakini kijana aliyetaka kurekodi mpira alibandika gundi ya karatasi juu ya tundu, na harusi ikaondoka.

Waliofuta bila kukusudia uovu

Msidhani ni familia tu zilizofanya hivyo. Shirika la BBC la Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, lilifuta kanda nyingi sana za vipindi vyake, kwa sababu kanda zilikuwa ghali, zilijaza makabati, na hakuna aliyedhani vipindi vya zamani vingekuwa na thamani. Vipindi kadhaa vya mchezo wa Doctor Who vilipotea kwa njia hiyo. Baadaye baadhi yake vilipatikana nje ya Uingereza, kwa kuwa BBC ilikuwa imeuza nakala za filamu kwa vituo vya nchi nyingine. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilikutwa katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Mwenye mali alifuta, naye mteja wa mbali alikuwa bado anayo.

Mfano wa pili ni wa safari ya mwezini ya Apollo 11 mwaka 1969. Baada ya kutafuta kwa miaka kadhaa, NASA ilieleza mwaka 2009 kwamba kanda za asili zenye picha bora zaidi za siku ile huenda zilifutwa na kutumika upya wakati wa uhaba wa kanda. Picha tunazoziona leo zimesalimika kwa sababu vituo vya televisheni vilikuwa na nakala zao.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, aliyefuta alikuwa mfanyakazi aliyehitaji nafasi, wala hakuwa adui. La pili, kilichookoka kiliokoka kwa kuwa na nakala mahali pengine.

Diski inaingia nyumbani

Mwaka 1999 huko Marekani zilianza kuuzwa mashine za TiVo na ReplayTV, zilizorekodi televisheni kwenye diski badala ya kanda. TiVo ya kwanza ya bei nafuu ilibeba saa 14 kwa ubora wa chini kabisa. Katika miaka iliyofuata ving'amuzi vya kurekodi vikafika Afrika, na vile vya bei ndogo vikawekewa tundu la USB ili mtu achomeke flashi au diski yake mwenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo.

Ama kuhusu HD, wanafunzi wafuatilie hesabu hii. Picha ya televisheni ya zamani katika nchi zetu, ikigeuzwa ya dijitali, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha kamili ya HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Hiyo ni mara 5 kamili. Lau si mbinu za kubana picha, zikiwemo zile za H.264 zilizokubaliwa mwaka 2003, hakuna diski ya nyumbani ambayo ingetosha.

Tuchukue matangazo ya HD yanayokuja kwa megabiti 8 kila sekunde. Biti 8 ni baiti 1, hivyo tunapata megabaiti 1 kwa sekunde, au gigabaiti 3.6 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 haifikishi saa 9. Diski ya gigabaiti 500 inabeba saa 138 hivi. Tarawehe ya saa moja na nusu kwa siku 30 ni saa 45, nazo zinahitaji gigabaiti 162, karibu theluthi moja ya diski hiyo kwa mwezi mmoja tu.

Pia wengi hushangaa rekodi inapokatika au kugawanyika baada ya saa moja na dakika chache. Mara nyingi sababu ni kwamba flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kupita gigabaiti 4.

Hali yetu sisi wa Juba

Sherikat iko ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, kando ya barabara iendayo Nimule, na malori kutoka Uganda na Kenya hupita kwetu kabla ya kuingia mjini. Bidhaa za umeme zinapita hapo hapo, diski zikiwemo. Lakini diski yenye sahani zinazozunguka haipendi vumbi, joto, wala umeme unaokatika ghafla, na vyote vitatu tunavyo.

Kubwa zaidi ni kwamba watu wetu wamehama sana. Vita vilivyoanza Desemba 2013 na mapigano ya Julai 2016 hapa Juba viliwatoa wengi majumbani kwao bila kubeba kitu. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 15, 2023 vimewaleta kwetu watu wengi kutoka Khartoum na Omdurman. Hata makao ya redio na televisheni ya taifa kule Omdurman yalishikwa na wapiganaji hadi jeshi lilipoyarudisha mikononi mwake Machi 2024, na hofu kuhusu hazina ya kanda zake ilikuwa kubwa. Nasi Sudan Kusini tunajua habari hiyo, kwani kwa miaka kadhaa nyaraka za zamani za serikali zilikaa ndani ya hema hapa Juba kabla hazijapangwa na kupigwa picha.

Sasa tujiulize kuhusu Julai 9, 2011, siku bendera ya zamani iliposhushwa na mpya kupandishwa kwenye kaburi la Dkt. John Garang. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ni kijana. Ikiwa baba yake alirekodi sherehe ile, je, iko wapi? Imefunikwa na mpira wa nani?

Nini kifanyike

Kwanza, familia ikae pamoja na igawanye rekodi zake mafungu mawili: za kupita na za kubaki. Mpira na tamthilia zitapatikana tena. Sauti ya bibi akisimulia haitapatikana tena.

Pili, tusitegemee diski ya king'amuzi cha kulipia kuwa sanduku la kumbukumbu. Rekodi za ving'amuzi vingi vya aina hiyo hufungwa kwa ufunguo wa king'amuzi chenyewe. Kikiharibika, diski ikichomekwa kwenye kompyuta haisomeki. Picha zetu wenyewe, za harusi na za wazee, zikae kwenye diski yake.

Tatu, za kubaki ziwe na nakala mbili, na zisilale nyumba moja. Ya pili mpeni ndugu aliye Kampala, Nairobi au Yei. Tumeona jinsi Jos ilivyohifadhi kilichofutwa London.

Nne, ukinunua flashi au diski sokoni, ijaze yote na uirudie kuitazama kabla ya kuiamini, kwani zipo zinazoandikwa ukubwa zisiokuwa nao.

Mwisho, rimoti isiwe ya mtu mmoja. Kabla ya kufuta, ulizaneni. Dakika moja ya kuuliza ni nafuu kuliko diski yoyote.

Wabillahi tawfiq.