Chefu wa kimila: damu, medali ao karatasi?

Katika kartie ya Saio, muji wa Bunia, chefu wa kartie anawekwa na serkali. Harizi kiti kwa baba yake. Chefu wa kimila ni mwingine: anatoka katika jamaa ya utawala, na wazee wanajua kuhesabu majina ya mababu zake.

Lakini ukoo unaweza kutengenezwa. Dekreti ya tarehe 2/5/1910 iliruhusu Wabelgiji kutambua machefu na kuwavalisha medali. Pengine medali ilienda kwa mutu aliyetumikia wazungu vizuri, kisha hadisi ya mababu ikatafutwa nyuma yake. Mwaka wa 1933 vikundi vidogo viliunganishwa katika masekta.

Leo Katiba, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila. Sheria 15/015 ya tarehe 25/8/2015 inafuata njia ile: desturi inachagua, serkali inatambua.

Katika Ituri jambo hili ni zito, sababu kiti kinaenda pamoja na udongo na mipaka. Mutu akisema yeye ni wa damu, wakaaji waulize: babu yake alitawala wapi? Nani alimusimika? Wazee wa koo za jirani wanasema nini? Karatasi ya serkali iko wapi?