Mlima Kasigau na Watu Wake



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma hesabu za fedha na habari za mikutano ya mwaka. Tumeona vema kuongeza habari za zamani kidogo, kwani chama kisichojua watu wake walikotoka hakiwezi kujua kiwatetee kwa lipi. Mwaka huu tumechagua Kasigau.

Mlima huu u katika nchi ya Taita, kusini-mashariki ya Voi, nao umejitenga na milima mingine ya Taita. Umesimama peke yake katikati ya nyika kame, na urefu wake wapita futi 5,000. Pande zote umezungukwa na miiba, mavumbi na tembo. Lakini kileleni mna msitu wa daima. Mawingu yatokayo baharini huja yakagota pale, yakalowesha majani na kuvu, na maji yakateremka kidogo kidogo katika vijito hata yafike kwa watu. Chini nyika yaweza kukosa mvua miezi mingi, na juu miti ingali yadondosha maji. Hii ndiyo sababu watu wakakaa mahali pa upweke namna ile. Vijiji vyao vyajulikana hata leo: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe, vimeuzunguka mlima kama watoto waliomzunguka mama yao.

Zamani mlima ulikuwa ni ngome pia. Katika miamba yake mna mapango ambayo midomo yake ilizibwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba huko waeleza kwamba yalikuwa maficho ya watu na mifugo, siku zile wawindaji wa watumwa walipopita nyikani. Misafara iendayo bara ilipita karibu, ikiutazama mlima kama alama ya njia na mahali pa kutafuta maji na chakula. Mmisionari Johannes Rebmann alipofanya safari yake ya kwanza ya bara kutoka Rabai, mwezi wa Oktoba 1847, mlima aliouendea ndio huu, naye aliuandika kwa jina la Kadiaro. Ilikuwa miezi saba kabla hajaiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848. Basi asiseme mtu kwamba Kasigau haikujulikana. Ilijulikana sana na wapitao. Watu wake ndio wasioulizwa neno.

Jambo hilo lilidhihirika wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mpaka wa nchi ya Wajerumani haukuwa mbali, nao walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Waingereza waliweka askari Kasigau ili kuilinda reli ya Mombasa, kwa maana makundi madogo ya Wajerumani yalikuwa yakipenya nyikani kuitega baruti. Mwaka 1915 Wajerumani waliushambulia mlima wakauteka, wakaufanya kituo chao cha kuivamia reli. Waingereza waliurudia baadaye.

Ndipo lawama ikawaangukia wenyeji. Ilisemwa kwamba wamewasaidia Wajerumani. Na tutafakari: kama mtu mmoja au wawili waliwaonyesha adui njia, au kama hakuna hata mmoja, ilipasa kuulizwa na kuamuliwa kwa haki. Mtu wa kijiji anayejiwa na askari wenye bunduki, leo hawa na kesho wale, ana uchaguzi gani? Lakini hukumu ilitolewa juu ya watu wote pamoja, wazee, akina mama na watoto wachanga. Walikusanywa, wakaondolewa katika mlima wao, wakapelekwa Malindi.

Wanachama wanaoijua pwani wataelewa maana yake. Watu waliozoea baridi ya mlima na maji ya kijito waliwekwa katika joto na mbu wa ufukoni, hawana shamba wala mifugo, na homa ikawaua wengi. Tena kulikuwa na uchungu wa namna nyingine. Kwa desturi ya kale ya Wataita, marehemu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa katika pango la ukoo, pamoja na wazee waliomtangulia. Basi afaye Malindi alikuwa amekufa mbali na pango la baba zake, na walio hai hawakuwa na ruhusa ya kumrudisha.

Waliosalia walihamishiwa baadaye Taita kwa ndugu zao, wakaishi huko kama wageni juu ya ardhi ya wengine. Kasigau yenyewe hawakuruhusiwa kuirudia mpaka miaka ya 1930. Hesabuni wenyewe: vita ilikwisha 1918, lakini adhabu ya vita ikaendelea zaidi ya miaka kumi baada ya wapiganaji kupeana mikono. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kuondoka alirudi akiwa mtu mzima, akionyeshwa mlima wake kama aonyeshwavyo mgeni.

Walirudi wakaanza upya. Walifyeka, wakapanda mahindi, kunde na mihogo, wakafuga mbuzi. Wanawake wakaendelea kusuka vikapu, ambavyo hata leo huwapatia fedha za karo na chumvi. Mwaka 1948 nyika kubwa ya Tsavo ikafanywa hifadhi ya wanyama, na ijapokuwa Kasigau ilibaki nje, tembo hawasomi mipaka. Mkulima wa huko hulala shambani akigonga debe usiku, na kesho yake huitwa mvivu na asiyeona mavuno yake.

Sasa twafika kwenye neno tunalotaka kulisema. Watu wengi hudhani upweke wa kijiji ni umbali wake na barabara. Barabara ni kitu kikubwa, wala hatuidharau. Lakini Kasigau ya mwaka 1915 ilikuwa na upweke mkubwa kuliko huo: haikuwa na mtu wa kuisemea. Hapakuwa na chama, hapakuwa na karani wa kuandika barua ya malalamiko, hapakuwa na mzee aliyepewa kiti mahali hukumu ilipoamuliwa. Linganisheni na miaka ya baadaye. Wataita walipokuwa na Taita Hills Association, iliyowatetea katika mambo ya ardhi, serikali iliona uzito wake hata ikaipiga marufuku mwaka 1940, pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association. Hapigwi marufuku asiyesikika.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo mawili. Kwanza, kila tawi liwaendee wazee, likae nao kitako, liandike katika daftari habari walizorithi: majina ya waliohamishwa, ya waliofia ugenini, na ya mashamba yaliyoachwa. Waliobebwa mgongoni mwaka ule wamekwisha kwenda. Waliosimuliwa nao wangalipo, lakini kila mwaka twawazika wengine. Pili, kijiji chochote cha mbali kikileta shauri lake, lisiwekwe mwisho wa ajenda kwa kuwa wajumbe wake ni wachache na wamefika wamechoka na vumbi. Aliyetembea mbali kuliko wote ndiye asikizwe kwanza.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Kazi ya chama ni kuona kwamba asiyekuwepo, lake lipo.