Unix na ndugu zake: Simu yako ni ya ukoo gani?

Simu za Android, iPhone na vitochi vya intaneti vyenye KaiOS vinatofautiana kwa sura na bei, lakini mifumo yake endeshi ni ya ukoo mmoja: ukoo wa Unix. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza simu au kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, kuwasha kamera na kuamua programu ipi iguse nini. Windows haimo katika ukoo huu, na kwa kawaida kitochi cha kupiga na SMS tu hakimo pia.

Hapa tunaeleza ndugu hawa wanafanana wapi, wanatofautiana wapi, na kwa nini tofauti hiyo inamhusu mnunuzi wa simu.

Asili yake

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, jimbo la New Jersey, Marekani. Waanzilishi wake wakuu ni Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, ikawa rahisi kuihamishia kwenye kompyuta za aina nyingine. Kampuni ya simu ya AT&T, iliyomiliki maabara hiyo, ilikuwa imezuiwa kisheria kufanya biashara ya kompyuta. Kwa hiyo vyuo vikuu vilipewa Unix kwa ada ndogo pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yanayoonyesha jinsi programu ilivyotengenezwa.

Wanachofanana

Mifumo hii yote hupanga mafaili kama mti wenye shina na matawi, na kila mtumiaji ana mipaka ya anachoruhusiwa kugusa. Android imeendeleza wazo hilo: kila programu huhesabiwa kama mtumiaji tofauti, mwenye chumba chake kilichofungwa. Ndiyo maana mchezo uliopakua hauwezi kuingia tu kwenye taarifa za programu yako ya benki. Lakini mchezo huo ukiomba kusoma SMS nawe ukabonyeza “Ruhusu”, umeukabidhi ufunguo wewe mwenyewe, na SMS za miamala zimo humo.

Matawi makuu matatu

Linux: Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Linux yenyewe ni kiini tu, na wengine hukijengea mfumo kamili juu yake. Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, ina kiini cha Linux. KaiOS pia. Kwenye kompyuta kuna Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni neno la lugha za Kinguni, ndugu wa neno letu “utu”.

BSD: Ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970. Watoto wake ni FreeBSD na NetBSD, pamoja na OpenBSD inayosifika kwa usalama. Huioni mkononi, lakini WhatsApp katika miaka yake ya mwanzo iliendesha seva zake kwa FreeBSD.

Apple: Mifumo ya kompyuta za Mac na ya iPhone ina sehemu zilizotoka BSD. Apple iliipata njia hiyo kwa kuinunua kampuni ya NeXT, kisha ikajenga juu yake mfumo wake yenyewe.

Kinachowatenga: leseni

Tofauti kubwa iko kwenye masharti ya matumizi. Leseni ya Linux inasema: chukua bure, badilisha upendavyo, lakini ukiwagawia wengine ulichobadilisha, wape na msimbo wake. Leseni ya BSD ni legevu zaidi: chukua, badilisha, hata ukiufunga msimbo wako ni sawa, mradi uache majina ya wenye haki. Ndiyo maana Apple iliweza kuchukua sehemu za BSD na kuuza mfumo ambao sehemu yake kubwa imefungwa.

Matokeo yake tunayaona dukani. Kwa kuwa msingi wa Android ni wazi, kampuni nyingi hutengeneza simu zake, zikiwemo za bei nafuu. Ila kila kampuni huamua itatoa masasisho ya usalama kwa muda gani. Ikiacha, matundu yanayogunduliwa baadaye hayazibwi, na wezi huyatumia. Apple hutengeneza simu na mfumo pia, hivyo sasisho huzifikia iPhone zote zinazohudumiwa kwa wakati mmoja. Lakini bei yake ni kubwa, na zilizozeeka nazo huachwa.

Kabla ya kununua

Kwenye simu ya Android, hasa iliyotumika, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Toleo la Android. Tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Kisha nenda kwenye sehemu ya masasisho uangalie kama lipo jipya.

Kama tarehe ni ya miaka kadhaa nyuma na hakuna jipya, simu hiyo bado itapiga na kupokea. Ila tunashauri usiitumie kwa programu za benki wala kuhifadhia nywila, hata kama muuzaji anaisifia kamera yake.