Kamba ya Mrina Asali na Kalenda ya Msitu wa Unyamwezi

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, wengi wetu hukumbuka kwanza ngoma, nyimbo na vinyago. Lakini utamaduni umo pia katika namna watu walivyoupanga mwaka wao: lini walime, lini wasafiri, lini waingie msituni na lini wauache msitu upumzike. Katika makala haya twapenda kuieleza kalenda hiyo kama ilivyokuwa Unyamwezi, nchi iliyopitiwa na njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora, hadi Ujiji.

Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, waliikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa miaka mingi na Wanyamwezi wenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu wa ujira, naye alikuwa na shamba lake. Kwa hiyo wengi walipenda kutoka nyumbani baada ya mavuno na kurudi kabla ya kilimo. Mvua zikisha kushika, wapagazi walikuwa haba hata kwa tajiri mwenye shanga na nguo tele. Jembe lilikuwa na amri kuliko mzigo.

Amri hiyohiyo ilimtawala mrina asali. Mizinga yake, ya magogo yaliyotobolewa au ya magome yaliyoviringwa, aliitundika juu katika miti ya miombo, mbali na nyegere na mbali na moto wa nyika. Siku ya kurina alipanda kwa kamba, jua likiwa limekwisha punguza ukali au usiku kabisa, amebeba kisu, chombo cha asali na mwenge wa kufukiza moshi. Huko juu, nyuki wakimvumia masikioni, alihitaji utulivu kuliko nguvu. Mrina aliyefunzwa vema alikata masega yaliyojaa asali, akayaacha yale yenye majana, ili kundi lisihame. Mavuno yalikuja mara mbili: baada ya mvua kwisha, na tena kabla mvua mpya hazijashika. Nta iliyobaki haikutupwa. Nayo ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, ikaendelea kusafirishwa hata baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912.

Katika kazi hiyo binadamu hakuwa peke yake. Yuko mlembe, ndege mdogo anayemwita mtu na kumwongoza hadi kwenye mzinga wa mwituni, kisha akangoja fungu lake la nta. Wataalamu waliochunguza jambo hili miongoni mwa Wahadzabe wa nchi yetu na Wayao wa Msumbiji wamethibitisha kwamba mlembe huitikia zaidi mwito wa watu wa mahali pake. Yuko pia hondohondo, ambaye jike lake huingia katika pango la mti mvua zinapoanza, likaziba mlango kwa udongo, na dume likalilisha kupitia ufa mwembamba. Mapango ya namna hiyo hupendwa na nyuki vilevile.

Sasa na tuzingatie jambo moja. Wakati hondohondo amejifungia, mrina alikuwa shambani na jembe lake. Hapakuwa na mlinzi wala kibao cha kukataza, lakini mti ulipumzika, kwa kuwa kazi za mwaka zilimwita mtu kwingine. Kwa malisho, Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda mbali zaidi: walitenga ngitili, eneo la majani lililofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Ngitili ilifungwa na wenyewe, na kila mtu alijua itafunguliwa.

Ufungaji wa aina nyingine ulikuja kutoka juu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tabora na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Sehemu kubwa za misitu zikabaki bila watu, na baadaye nyingi zikawa hifadhi. Katika Pori la Akiba la Ugalla warina asali waliingia kwa kibali na kwa msimu. Mwaka 2019 pori hilo likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na sheria ya hifadhi za taifa haina nafasi ya mizinga ya wanavijiji.

Hatusemi kwamba mambo ya kale yote yalikuwa mema. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti ili kutengeneza mzinga, mti hufa. Wala kalenda ya zamani haitoshi tena: tumbaku ya Urambo na Sikonge hukaushwa kwa kuni, na shoka halingoji msimu. Kwa hiyo msitu wahitaji kufungwa. Swali ni kwa namna gani, na kwa kauli ya nani.

Hata ng'ambo swali hili limeulizwa. Huko Uingereza, watu wanaopanda majabali kama mchezo hukubaliana kila mwaka kuyaacha baadhi ya magenge ambamo kozi hutaga, kwa kawaida tangu Machi hadi mwisho wa Juni. Makinda yakisha kuruka, njia hufunguliwa. Chama cha wapandaji chenyewe hushiriki kupanga na kutangaza tarehe hizo. Ndiyo maana wengi huzitii bila kuviziwa.

Basi twaona kwamba hekima ya ngitili si ya Unyamwezi peke yake. Mtu huheshimu mlango uliofungwa akiwa ameshirikishwa katika kuufunga, na akiijua siku ya kuufungua. Wazee walisema, fuata nyuki ule asali. Mrina aliyewafuata nyuki maisha yake yote ajua ni mti upi una maua, upi una kiota, na upi umechoka. Yafaa maarifa yake yaandikwe angali hai, na yafaa aitwe katika baraza linalopanga tarehe za msitu. Akiachwa nje, tutapoteza mlinzi ambaye hakuwahi kudai mshahara, na vijana wake hawatakuwa na sababu ya kujifunza kamba ile.