Mbegu Nzuri kwa Macho

Wasikilizaji wetu, sisi walimu twawaambia wanafunzi kila siku kwamba mtu huvuna alichopanda. Lakini je, mkulima hukijua akipandacho? Mbegu ya kabeji ni ndogo kama kichwa cha pini. Kwa macho ni safi, kumbe huenda imechukua kuvu.

Zamani mnunuzi hakuwa na njia ila kumwamini mwuzaji. Mwaka 1869, huko Tharandt katika Ujerumani, Friedrich Nobbe alifungua kituo cha kwanza cha kupima mbegu, kwa maana mbegu nyingi za madukani zilikuwa zimechanganywa na takataka, tena hazikuota vema. Nchi nyingine zikafuata, na mwaka 1924 wapimaji walikutana Cambridge, Uingereza, wakaunda chama cha mataifa ili vipimo vyao vilingane.

Swali lao kubwa lilikuwa hili: Mbegu zitaota? Bibi Lucie Doyer, wa kituo cha Wageningen katika Uholanzi, alishughulika na swali la pili: Zimechukua ugonjwa gani? Mwaka 1938 alitoa kitabu cha kuwaongoza wapimaji katika kazi hiyo.

Njia yenyewe si ngumu. Mbegu, mara nyingi 400, hupangwa juu ya karatasi ya kukaushia wino iliyoloweshwa, ndani ya visahani vyenye vifuniko. Baada ya siku saba hivi hutazamwa moja moja kwa hadubini. Kuvu iliyojificha sasa imeota, nayo hutambulikana kwa umbo lake: ile iletayo madoa meusi ya majani ya kabeji huonyesha vijimbegu vilivyofuatana kama shanga.

Kazi hii si ya bure. Mche mmoja mgonjwa kitaluni huwaambukiza wenziwe kwa matone ya mvua. Ugonjwa ukijulikana mapema, mbegu za kabeji zaweza kutiwa katika maji moto ya nyuzi 50 za Sentigredi kwa dakika 25. Moto ukizidi, mbegu hufa.

Mwaka 1967 Paul Neergaard alianzisha chuo huko Copenhagen, Denmark, kuwafundisha elimu hiyo wataalamu wa nchi zinazoendelea, wa Afrika miongoni mwao.

Basi, ndugu zetu, kabeji zikioza shambani, twalaumu udongo na mvua. Tuulize kwanza habari za mbegu: ilitoka wapi, na ni nani aliyeipima?